Kabla hujachukua spanieli, jipime kwa Jumanne yako

Nianze na jambo ambalo wenye spanieli wanalijua ila wanaowatamani huwa hawaambiwi: huyu ni mbwa wa kazi mwenye sura ya mbwa wa sofa. Masikio marefu, macho ya kuomba msamaha hata kama hajafanya kosa, manyoya yanapepea kifuani, ukimwona tu unalegea, unaanza kuwaza atalala wapi na utamwita jina gani. Mi mwenyewe naishi na mmoja, jike mweusi wa Cocker, moja ya aina za spanieli, wa ukoo wa kazi, na nikitoka naye hakukosi mtu wa kunisimamisha aniulize nilimpata wapi. Hakuna anayeuliza anaishije. Na hilo ndo swali la kwanza kabisa, la wapi linafuata baadaye sana, kwa hiyo leo naandika yote mawili kwa mpangilio huo.

Kazi yao ya asili ilikuwa hivi. Mwindaji anatembea na bunduki, spanieli anatangulia hatua chache mbele, anakata kulia anakata kushoto, anapenya vichakani pua chini mkia unacheza kwa kasi, akimpata ndege aliyejificha anamfurusha aruke, mtu anapiga, mbwa anakwenda kuokota na kumleta mdomoni bila kumtafuna. Sasa ndege akifurushwa mbali kuliko risasi inavyofika kazi yote bure, kwa hiyo kizazi baada ya kizazi walichaguliwa wale wanaokaa karibu na mtu wao na kugeuka kila mara kumwangalia, na walichaguliwa kwa pua. Ukaribu na pua. Karibu kila kitu kitakachokufurahisha na kila kitakachokutoa jasho na spanieli kinatoka kwenye hayo mawili, na we unayemtaka ujiulize kama unayataka hayo, sio kama unayataka masikio.

Tuanze na ukaribu. Spanieli anakufuata. Ukienda jikoni yupo, ukienda chooni analala mlangoni anapumua kwa sauti ujue yupo, ukinyanyuka kwenye kiti ukajinyoosha tu keshasimama anadhani mnatoka. Kuna watu hiyo ni raha ya maisha yao, na kuna watu baada ya mwezi wanahisi wanafuatiliwa na askari kanzu. Wote wako sawa, ila wa pili asichukue spanieli. Na upande wa pili wa ukaribu huo ni kwamba kubaki peke yake sio kitu anachokijua kwa asili, lazima afundishwe kidogo kidogo tangu mdogo, dakika chache, halafu robo saa, halafu saa, na hata akishafundishwa vizuri bado haitakiwi iwe ndo maisha yake ya kila siku kutwa nzima. Asiyefundishwa anabweka, anatafuna fremu ya mlango, anajisaidia ndani wakati nje alikuwa hana shida, watu wanasema ana kisirani kumbe ana hofu.

Ndo maana nasema jipime kwa Jumanne. Jumamosi kila mtu anafaa kuwa na spanieli, Jumamosi una muda, una viatu vya matope, watoto wako nyumbani, mnatembea mpaka mbwa anachoka anarudi kulala miguu juu. Jumanne ndo ya kuangalia. Jumanne mvua inanyesha, umetoka kazini umechoka kichwa kinauma, hujala, na mbele yako amesimama kiumbe ambaye amekaa siku nzima akikusubiri na kwa akili yake siku ndo inaanza sasa. Nani anamtoa asubuhi? Nani anapita mchana? Jioni nguvu zitakuwepo? Ukishapata majibu ya Jumanne yenye jina la mtu ndani yake, sio "tutapanga", sawa, tuendelee.

Halafu pua. Watu wengi wanadhani mbwa mwenye nguvu nyingi dawa yake ni kumkimbiza tu. Ukimkimbiza spanieli kila siku unatengeneza mwanariadha, kesho yake anataka zaidi. Kinachomchosha kweli ni kunusa kwa akili. Mi jioni nikiwa sina hamu ya kutoka tena, namfungia chumba cha pili, naficha kipande cha kitambaa alichokizoea, mara nyuma ya mguu wa meza, mara ndani ya kiatu, mara juu ya kirafu kifupi, halafu namfungulia na kumwambia "tafuta". Utamwona anabadilika. Mwili unashuka, mkia unaanza kwa kasi ya kawaida, anapita anapita, ghafla mkia unaongeza spidi kabla hata hajajua mwenyewe amenusa nini, pumzi zinakuwa fupi fupi za haraka, anarudi nyuma hatua moja, anageuza shingo, haya kapata. Robo saa ya hivo anakwenda kulala mwenyewe bila kubembelezwa. Hawa ndo wale wale wanaonusa mabegi kwenye viwanja vya ndege. Mwaka 2003 Springer mmoja (aina nyingine ya spanieli) wa jeshi la Uingereza anaitwa Buster alipewa medali ya Dickin, hiyo ni medali ya juu kabisa ya ushujaa kwa wanyama wa vitani, baada ya kunusa silaha zilizofichwa nyuma ya ukuta kule Safwan kusini mwa Iraq. Sasa damu ya namna hiyo uifungie ndani haina kazi uone itajitafutia kazi gani, itafukua bustani, itafumua mto, itachambua pipa la taka kitu kimoja kimoja.

Na pua ikiwaka masikio yanazima. Spanieli aliyepata harufu ya ndege au sungura hakusikii, wala sio kiburi, basi tu yuko kwenye ulimwengu mwingine. Kumwita akarudi ni somo la kwanza na la mwisho, unalifundisha kwa kamba ndefu, kwa zawadi anayoipenda kweli, na humwachii kamba sehemu yenye magari eti kwa sababu nyumbani anarudi akiitwa. Nyumbani hakuna ndege.

Sasa spanieli yupi, maana neno hilo linabeba mbwa wa aina nyingi. Cocker na Springer walikuwa kitu kimoja zamani, uzao mmoja mama mmoja, wadogo wakiitwa Cocker na wakubwa Springer, mpaka miaka ya 1890 Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa huko, ilipoanza kumsajili Cocker kama mbegu yake peke yake. Cocker wa Kiingereza ana kilo kama 13 hadi 15, Springer anakwenda mpaka 20 na ushee na anahitaji nafasi na miguu ya mtu kuliko Cocker. Cocker wa Kimarekani ni mdogo kidogo, pua fupi, manyoya mengi sana, huyo bajeti ya kinyozi usiisahau. Wapo Welsh Springer, wapo Field na Sussex ambao hata huko kwao Uingereza wamekuwa wachache, yupo Clumber mzito mpole anayekoroma na kudondosha mate, hao ukiwataka utasubiri sana na sitawazungumzia zaidi.

Kitu ambacho watu hawakijui, na mi naona ni muhimu kuliko hata kuchagua kati ya Cocker na Springer, ni kwamba ndani ya mbegu hizo mbili kuna koo mbili, ya maonyesho na ya kazi. Wa maonyesho ana mwili mzito kidogo, kichwa kipana, masikio yako chini, manyoya marefu, na kwa kawaida anatulia mapema. Wa kazi ni mwembamba, kichwa bapa, manyoya machache, na hana kitufe cha kuzimia, lazima umfundishe kutulia kama unavyomfundisha kukaa. Majina yao kwenye makaratasi ni yale yale. Mtu anaona picha ya Cocker wa kazi anasema "huyu mdogo mdogo atafaa apatimenti", jamani, udogo wa mwili hauna uhusiano wowote na udogo wa shughuli. Apatimenti sio tatizo kama unatoka naye, tatizo ni mtu kuchagua kwa kipimo cha rula.

Nakuja kwenye usafi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu ambayo upendo unajaribiwa. Spanieli anarudi na dunia nzima kwenye manyoya ya miguu, majani, miiba, matope, vijiti. Vinakauka, vinadondoka kwenye zulia. Hilo unazoea. La hatari ni zile mbegu za nyasi zenye ncha kama mshale, zinaingia katikati ya vidole au ndani ya sikio na zimeumbwa ziende mbele tu hazirudi nyuma, zinatoboa ngozi na kusafiri mwilini. Kwa hiyo kila tukitoka porini kuna utaratibu: anakaa kati ya magoti yangu, nainua mguu mmoja mmoja natanua vidole kwa kidole gumba, napapasa kwapani, halafu sikio. Sikio la spanieli unaligeuza juu kama ukurasa. Ndani panatakiwa pawe na rangi ya waridi hafifu, pakavu, na harufu ya mbwa ya kawaida. Ukisikia harufu kali ya uchachu, au ukiona nta ya kahawia nyingi, au akikuondolea kichwa ukigusa, hiyo ni kwa daktari, sio kwa dawa ya jirani. Sikio lile linaziba hewa, ndani pana joto na unyevu, fangasi na bakteria wanapata makazi, ndo maana mbwa wa masikio haya wanaugua masikio mara kwa mara kuliko wa masikio ya kusimama. Akiogelea kausha. Nywele zilizoziba mlango wa sikio kwa ndani zipunguzwe. Na kumpa maji tumia bakuli jembamba refu masikio yabaki nje, la sivo anayalowesha kila akinywa halafu anakuja kuyakaushia kwenye suruali yako ya kazini.

Brashi mara kadhaa kwa wiki, hasa nyuma ya masikio, kwapani na makalioni, huko ndo manyoya yanasokotana mpaka yanavuta ngozi. Na jua hili mapema, Cocker wengi wakifungwa kizazi au kuhasiwa manyoya yanabadilika yanakuwa ya pamba pamba, yanasokotana zaidi, sio kosa la kinyozi.

Tabia ndogo ndogo nyingine napita haraka. Wengine wakifurahi sana au wakiogopa wanadondosha mkojo kidogo, hasa wakiwa wadogo, usimfokee maana ukimfokea unamzidishia. Wanapenda kubeba vitu mdomoni, soksi, rimoti, viatu, na hapa sikiliza vizuri kama una watoto: ukiwa mtu wa kumkimbiza na kumpokonya kwa nguvu unamfundisha kwamba mikono ya watu inaiba, na Cocker hasa wana mwelekeo wa kulinda vitu vyao, anaanza kukakamaa, kukukodolea, kunguruma, siku moja anamng'ata mtoto aliyetaka kuchukua mdoli wake. Badilishana naye. Toa kitu kizuri, aachie alichobeba, mrudishie kama sio cha hatari. Yaani unamfanya aone kuleta kitu kwako kuna faida, na kwa mbwa aliyeumbwa kuleta vitu hiyo ni rahisi ukianza mapema.

Sasa kuna wale wanaosema, mi haya yote ya kukimbia na kunusa siyawezi, nataka spanieli mtulivu, basi nichukue Cavalier King Charles. Ni kweli kwa tabia hakuna mbwa mtamu kama huyu, kilo 5 hadi 8, anampenda kila mtu hadi mwizi, anatosheka na matembezi ya kawaida. Ila kabla hujaamua lazima ujue hali ya afya yao, na hapa sitapamba. Mbegu hii ilijengwa upya kuanzia miaka ya 1920 kutoka kwa mbwa wachache sana, na wachache hao walibeba matatizo ambayo leo yameenea kwa karibu wote. Vali ya moyo inalegea: wakifika miaka 5 karibu nusu yao daktari anasikia mlio usio wa kawaida kwenye moyo, wakifika 10 ni karibu wote. Halafu kuna fuvu kuwa dogo kuliko ubongo, maji ya ubongo hayapiti vizuri yanatengeneza mifuko ndani ya uti wa mgongo, mbwa anapata maumivu ya shingo, anajikuna hewani bila kugusa ngozi, analia akinyanyuliwa. Mwezi Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba kuendelea kuzalisha Cavalier kwa Cavalier kunavunja sheria yao ya ustawi wa wanyama, wakaacha mlango wazi kwa kuchanganya na mbegu nyingine kwa mpango wa kitaalamu. Sio kwamba nakukataza. Nasema anayezalisha Cavalier kwa uangalifu anasubiri wazazi wafike angalau miaka miwili na nusu, mioyo yao ipimwe na daktari bingwa wa moyo wa wanyama na ikutwe safi, na babu na bibi wa watoto hao wawe walikuwa bado safi kwa umri wa miaka 5, pamoja na picha za MRI za kichwa. Ukimuuliza mtu hayo akakwambia "kwetu hatujawahi kuona ugonjwa", shukuru, aga, nenda.

Kwa Cocker na Springer hali ni afadhali kwa sababu magonjwa kadhaa yao mabaya yana kipimo cha vinasaba. Cocker kuna ugonjwa wa retina unaompotezea uwezo wa kuona taratibu mpaka upofu, na kuna wa figo unaoua mbwa akiwa bado kijana, mara nyingi kabla ya miaka miwili. Springer kuna fukosidosisi, unaoharibu neva, na upungufu wa kimeng'enya cha PFK ambao unamfanya aishiwe damu na nguvu akifanya mazoezi. Yote haya ni ya kurithi kutoka pande zote mbili, maana yake mbwa mwenye nakala moja tu ya kinasaba kibovu, yaani mbebaji, ni mzima kabisa maisha yake yote, ila wakikutana wabebaji wawili watoto wengine wanaugua. Kwa hiyo mzazi mmoja kuwa mbebaji sio dhambi, alimradi mwenzie ni safi. Nyonga zipigwe eksirei, macho yaangaliwe na bingwa, na matokeo uyaone kwenye karatasi yenye jina la mbwa na namba ya chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, inayolingana na mbwa aliyesimama mbele yako. "Daktari kawaangalia wako poa" sio kipimo, daktari hawezi kuona vinasaba kwa macho.

Tumefika kwenye wapi. Na hapa siwezi kupita bila kumtaja Lucy. Lucy alikuwa Cavalier, aliokolewa mwaka 2013 huko Wales kutoka kiwanda cha kuzalisha watoto wa mbwa, sehemu ambako majike wanazaa, wananyonyesha, wanazaa tena, hawatoki nje, mpaka wakichakaa. Lucy alitoka na nyonga zilizokakamaa na uti wa mgongo uliopinda, watoto wake wote walishauzwa kwa watu ambao hawakuwahi kumwona mama yao. Alikufa 2016, na sheria iliyoanza England mwezi Aprili 2020 inaitwa kwa jina lake: hairuhusiwi mtu wa kati au duka kuuza mtoto wa mbwa au paka aliye chini ya miezi sita, mnunuzi aende kwa aliyemzalisha mwenyewe, au achukue mbwa wa kuokolewa. Hata kama unakoishi hakuna sheria hiyo we unaweza kujiwekea. Mama haonekani, hununui.

Ila na wauzaji nao wamejifunza, siku hizi wanakodi mama. Anakuletea jike mzuri wa Cocker sebuleni, anamweka karibu na watoto, unapiga picha. Mwangalie huyo mama vizuri. Jike aliyezaa wiki chache zilizopita anajulikana, matiti yamevimba na kuning'inia, amekonda kidogo kiunoni, manyoya mara nyingi yamepukutika. Watoto wakimwona wanamvamia kutafuta ziwa, naye ama anawalalia ama anawakwepa kwa kuchoka lakini anawajua. Jike wa kukodi anawanusa kama wageni, ananyanyuka anakwenda kukaa mlangoni. Zaidi ya hapo angalia tabia yake kwako: mama anayekuja kunusa mkono wako mkia unacheza unapata picha ya watoto, mama anayejificha nyuma ya kochi anatetemeka pia unapata picha ya watoto. Baba kutokuwepo sio dalili mbaya, mfugaji makini mara nyingi anakwenda kupandishia kwa dume wa mtu mwingine mbali, ila makaratasi ya vipimo vya baba yawepo.

Angalia pia wanaishi wapi. Kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na nne ndo ubongo wa mbwa unaamua kipi cha kawaida na kipi cha kuogopa, sasa mtoto aliyekulia bandani gizani hajasikia mashine ya kufua, hajashikwa na mtoto, hajakanyaga sakafu tofauti, unamchukua na hofu zake. Wazuri wanalelewa ndani ya makelele ya nyumba. Asitoke kwa mama kabla ya wiki 8, na anayekwambia wa wiki tano "anakula mwenyewe huyu, mchukue" anapunguza gharama zake za chakula tu.

Maswali yawe ya pande mbili. We muulize mama amezaa mara ngapi na ana umri gani, Kennel Club ya Uingereza kwa mfano haisajili zaidi ya mizao minne kwa jike mmoja, wala uzao wa jike aliyezaa akiwa ameshafika miaka minane. Muulize atakusaidiaje mbwa akikusumbua mwakani, na kama maisha yakikubadilikia atamchukua tena, wanaojali wanaandika kabisa kwenye mkataba kwamba mbwa arudi kwao. Naye akikuuliza saa zako za kazi, nani yuko nyumbani, umewahi kufuga, kwa nini spanieli, usikasirike ukaona anakuchunguza, huyo ndo unayemtafuta. Wa kuogopa ni yule ambaye swali lake pekee ni utalipaje.

Dalili nyingine mbovu: ana mbegu nne tofauti na kila siku watoto wapo tayari; anataka mkutane njiani "nikurahisishie"; anataka hela ya kushikia leo leo kwa sababu kuna mtu mwingine anakuja; picha nzuri mno ambazo ukizitafuta mtandaoni unazikuta kwenye matangazo mengine; na "rangi adimu". Hii ya rangi naiwekea mkazo. Cocker wa Kiingereza mwenye mabaka ya kijivu bluu, wanaitwa merle, kwa matamshi yetu "meli", anauzwa kwa bei ya juu eti wa kipekee, wakati Kennel Club hiyo hiyo haimsajili, na wakikutanishwa wawili wa rangi hiyo watoto wengine wanazaliwa viziwi au vipofu. Rangi inauzwa na mtu ambaye hana afya ya kuuza.

Na kama umekwenda umemkuta mtoto mmoja mnyonge kwenye boksi, macho yana tongo, unasikia huruma unataka umnunue umwokoe. Najua inavyouma. Lakini hela yako ndo inampandisha mama yake tena mwezi unaokuja. Toka, toa taarifa kwa wanaoshughulikia ustawi wa wanyama sehemu hiyo, waende wao.

Kusubiri kupo. Mfugaji mzuri hana watoto muda wote, ana orodha, unaweza kukaa miezi. Tumia muda huo kukaa na spanieli wa watu wengine, omba umtembeze wa rafiki wikendi nzima akiwa kalowa tope, umpige brashi, umsafishe masikio, uone kama bado unamtaka Jumapili usiku. Na usikubali kupewa ndugu wawili wa uzao mmoja "wafanyiane kampani", watashikamana wenyewe kwa wenyewe na we utakuwa mfungua mlango.

Mwisho kuna njia ambayo watu wanairuka haraka sana, mbwa mzima. Vipo vikundi vinavyookoa spanieli peke yao, na wengi wanaofika kule hawana kasoro yoyote, mtu alichagua kwa masikio, mbwa alipofika miezi kumi nguvu zikamshinda, au wamiliki waliachana, au aliyemlea alifariki. Faida yake ni kwamba ukubwa unauona, manyoya unayaona, tabia imeshajitokeza, na miaka ya kutafuna viatu mara nyingi imepita. Spanieli anaishi miaka 12 hadi 14 hivi, kwa hiyo wa miaka minne bado una naye safari ndefu. Ukienda kumwona usimuulize anayemlea kama ni mbwa mzuri, atakwambia ni mzuri, wote ni wazuri. Muulize akibaki peke yake saa mbili anafanya nini, akiitwa huku ameona ndege anafanya nini, ukimnyang'anya soksi anafanya nini, na masikio yametibiwa mara ngapi tangu afike.